Anayeanza uhunzi nyumbani aanze na jiko la udongo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili niseme na vijana wanaotamani kujifunza uhunzi majumbani mwao, pamoja na wazazi, majirani na viongozi wa mitaa ambao mara nyingi ndio wanaoamua kama hamu hiyo itazaa ufundi au itazimwa mapema. Mimi ni fundi wa vyuma hapa Mwanga, mkoani Kilimanjaro, na mara kwa mara vijana hufika karakanani kwangu kuuliza jiko la gesi la kufulia chuma linauzwa wapi, fuawe ya kiwandani, yaani chuma kizito ambacho kazi hufuliwa juu yake, ni shilingi ngapi, na kama yupo mtu wa kuwaagizia vifaa hivyo kutoka nje. Wametazama video kwenye simu, wameona mafundi wa Marekani na Ulaya wakifanya kazi safi kwa vifaa vya namna hiyo, nao wakaamini kwamba pasipo hivyo uhunzi hauanzi. Wapo wanaokata tamaa papo hapo. Wapo pia wanaokusanya saruji, mabomba na vyuma chakavu wakajijengea jiko kwa kubahatisha, na hao ndio wanaonitia hofu zaidi.

Msimamo wangu ni kwamba mtu anayeanza uhunzi katika nchi yetu aanze na jiko la udongo, linalotumia mkaa na kupulizwa hewa kwa mkono. Asilichukulie kuwa ni jiko la kuvumilia tu mpaka siku atakapopata la gesi. Ninalipendekeza hata kwa mwenye fedha, kwa sababu ndilo linalomfundisha moto, na mhunzi asiyeujua moto ataharibu chuma kizuri kwa nyundo yoyote na juu ya fuawe yoyote.

Ujuzi wa kuunganisha udongo, mkaa na hewa si mgeni kwetu. Masimulizi ya Ugweno, katika milima ya Upare Kaskazini, yanaeleza kwamba ukoo wa Washana, ambao ndio wahunzi, ulitawala kabla ya Wasuya kushika utawala. Wahunzi wa Upare walikusanya kwenye vijito mchanga mweusi wenye chuma, wakauyeyusha, na chuma chao kikauzwa hadi Uchaggani, ambako wahunzi walikuwapo lakini chuma ghafi hakikuwapo. Ufipa kulijengwa matanuri marefu ya udongo yaitwayo malungu, yaliyozidi kimo cha mtu, nayo yalivuta hewa yenyewe kupitia matundu ya chini bila kuvukutwa. Kule Kagera, wazee wa Kihaya waliojenga upya tanuri la jadi katika miaka ya 1970 waliwaonyesha watafiti Peter Schmidt na Donald Avery namna kewa, yaani mabomba ya udongo ya kupitishia hewa, zilivyoingizwa ndani kabisa ya tanuri. Mwaka 1978 watafiti hao walichapisha maelezo yao kwamba hewa ilipata joto ndani ya kewa kabla ya kuukuta mkaa. Hayo yalikuwa matanuri ya kuyeyushia mawe ya chuma, kazi ambayo kijana wa leo haihitaji kwa kuwa chuma chakavu kimejaa kila mahali. Hata hivyo, wote hao waliushughulikia moto kutoka upande wa hewa: iingilie wapi, kwa nguvu gani, na ikutane na mkaa kwa kina gani. Anayejenga jiko dogo la nyumbani anapaswa kuanza na maswali hayo hayo.

Nieleze basi jiko lenyewe, kwa kuwa maneno ya jumla hayamsaidii anayetaka kujenga. Linahitajika sanduku imara la mbao lenye urefu wa sentimita 60 hivi, upana wa sentimita 40 na kina cha sentimita 25, lililosimamishwa juu ya miguu au matofali ili fundi asifanye kazi akiwa ameinama. Sanduku hujazwa udongo wa kichuguu uliopondwa vizuri, ukachanganywa na mchanga na majivu kidogo, kisha ukakandwa kwa maji machache mpaka ushikane unapouminya kiganjani bila kutoa maji. Katikati huchongwa mfereji wenye umbo la herufi V, upana wake kwa juu sentimita 15, kina sentimita 12, na urefu sentimita 25. Kwa vipimo hivyo, pande zote za mfereji hubaki na udongo wa kutosha, na mbao haziungui ingawa moto unawaka katikati yake. Kutoka ubavuni hupenyezwa bomba jeusi la chuma la inchi moja, ambalo mdomo wake huishia sawasawa na ukuta wa mfereji, kiasi cha sentimita tatu au nne juu ya sakafu. Nafasi hiyo ya chini ni ya majivu. Bila hiyo, mdomo wa bomba utaziba kabla kazi haijakolea.

Udongo ukishapangwa, uachwe ukauke kivulini kwa siku kadhaa, kisha uwashiwe moto mdogo wa vijiti, na siku ya pili moto mkubwa kidogo, kabla ya kutiwa mkaa na kupulizwa kwa nguvu. Vijana wengi hawana subira na hatua hii. Maji yaliyonaswa ndani ya udongo hugeuka mvuke, na mvuke usiopata pa kutokea huumega udongo na kuurusha vipande. Nyufa ndogo zitatokea hata kwa aliyesubiri; zizibwe kwa udongo ule ule na kazi iendelee. Jiko la namna hii hukarabatiwa karibu kila baada ya kazi kadhaa, na ukarabati wenyewe ni wa dakika chache na hauna gharama.

Mkaa unaotumika uvunjwe upate ukubwa wa ndimu, kwa maana vipande vikubwa huacha mianya ambamo hewa hupita bila kufanya kazi, na vumbi la mkaa huziba moto. Rundo liwe na kimo cha sentimita 8 hadi 10 juu ya usawa wa bomba, likishikiliwa na matofali mawili ya kuchoma upande huu na huu. Chuma kilazwe mlalo katikati ya rundo hilo, kikiwa na mkaa chini yake na mkaa juu yake. Anayeanza hupenda kukichomeka kwa mshazari, ncha ikielekea mdomo wa bomba, kwa kudhani kwamba pale panapotoka upepo ndipo penye joto zaidi. Sivyo. Mbele ya mdomo wa bomba hewa bado haijatumika yote, na hewa hiyo hukila chuma kwa kukifanya magamba. Joto zuri liko juu kidogo, pale ambapo mkaa umekwisha kuitumia hewa na moto umetulia. Kijana akilijua jambo hili moja tu, amevuka sehemu kubwa ya ugumu wa mwanzo.

Sasa nije kwenye kupuliza. Mafundi wengi wa jua kali wana mtambo ambao ningependa kila shule ya ufundi iwe nao. Gurudumu la baiskeli lililovuliwa tairi hufungwa kwenye fremu ya mbao na kuwekewa mpini wa kuzungushia. Mkanda uliokatwa kutoka kwenye tyubu kuukuu hupita juu ya ringi hadi kwenye kapi ndogo iliyo kwenye mhimili wa panga la feni, na panga hilo hukaa ndani ya kasha la bati lenye tundu la kuvuta hewa katikati na mdomo wa kutolea ukingoni. Kwa kuwa ringi ni pana na kapi ni nyembamba, mzunguko mmoja wa mkono hulizungusha panga mara nyingi, na hewa hutoka kwa wingi na kwa utulivu bila kumchosha mtoto wa darasa la sita. Mvukuto wa ngozi nao hufaa kwa wanaojua kuushona. Feni za umeme na mashine za kukaushia nywele hufanya kazi pia, ilimradi bomba la chuma liwe refu kiasi cha kuzuia plastiki isiyeyuke, na pawe na kizibo cha kupunguzia hewa.

Pamoja na hayo, namshauri anayeanza apulize kwa mkono hata kama umeme upo. Sababu yake naiona kila siku: mkono unaposimama, moto hupoa. Mwanafunzi akigeuka kutafuta koleo la kushikia chuma au kujibu salamu, chuma kilichomo motoni hakidhuriki. Feni ya umeme haina habari na mtu aliyegeuka. Inaendelea kupuliza, na akirudi anakuta ncha ya patasi yake inatoa cheche nyeupe na imekwisha kuliwa. Chuma kilichoungua namna hiyo hakiponi kwa kupigwa nyundo, hukatwa kikatupwa. Mkaa uliopulizwa vizuri huvuka nyuzi joto 1,200 za Selsiasi, na ingawa chuma safi huyeyuka kwenye nyuzi joto 1,538, chuma chenye kaboni kama cha springi huanza kuungua mapema zaidi. Kwa hiyo jiko dogo la udongo linao uwezo wa kuharibu kazi, na usalama wa kazi hiyo unatokana na mkono unaojua lini uzungushe na lini uache.

Siyapingi majiko ya gesi kwa fundi aliyekwisha kukomaa, hasa anayefua vitu vingi vya namna moja, kwa kuwa joto lake ni la kudumu na halina majivu. Kwa anayeanza, yana madhara mawili. La kwanza ni kwamba humwonyesha chuma chekundu tu bila kumfundisha kilivyofikia wekundu huo. La pili ni la hatari. Jiko la gesi la uhunzi huhitaji msukumo mkubwa kuliko ule wa jiko la kupikia, na kidhibiti cha jikoni, yaani kifaa cha kwenye mtungi kinachopunguza msukumo wa gesi, hakikutengenezwa kwa kazi hiyo. Nimesikia vijana wakishauriana kukiondoa kidhibiti na kuunganisha mpira moja kwa moja kwenye mtungi. Naomba kila mzazi anayesoma barua hii alikataze jambo hilo bila mjadala, maana mtungi ambao gesi yake haidhibitiwi, ukiwa hatua chache kutoka kwenye moto wa nyuzi joto elfu moja, unaweza kuangamiza nyumba nzima na jirani yake.

Hatari nyingine ziko kwenye vifaa ambavyo kijana huviokota bila kuviuliza vilitoka wapi. Saruji na zege visitumike kujengea kiini cha moto, kwa sababu hushika maji ndani hata vikionekana vikavu, na vikipashwa joto kwa haraka hupasuka na kurusha vipande vyenye ncha kali. Shokapu za magari na pikipiki, na kitu chochote kilichozibwa pande zote, visiingizwe motoni kamwe kabla ya kutobolewa na kumwagwa mafuta yaliyomo. Mabomba ya maji yenye rangi ya fedha, pamoja na mabati na nyaya zilizopakwa zinki, ni hatari ya kimya. Zinki huchemka kwenye nyuzi joto 907, kiwango ambacho jiko letu hukivuka kwa urahisi, na moshi wake mweupe ukivutwa huleta homa saa kadhaa baadaye, pamoja na baridi, maumivu ya viungo na kichwa kuuma. Katika nchi yetu mtu mwenye dalili hizo husema ni malaria. Humeza dawa, hupata nafuu baada ya siku moja au mbili kwa sababu homa hiyo huisha yenyewe, kisha hurudi kwenye bomba lile lile. Anayefua chuma na kupata homa ya usiku apime malaria, naam, lakini pia amwambie daktari alichokuwa akichoma.

Kuhusu mkaa wenyewe, kila mtu amewahi kusikia habari za familia iliyolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa na kutoamka asubuhi. Gesi ya kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na jiko la uhunzi huitoa kwa wingi kuliko jiko la kupikia. Mahali pa jiko hili ni nje, chini ya paa lisilo na kuta, mbali na makuti, nyasi kavu na mitungi ya gesi, na pembeni pawe na ndoo ya maji na ndoo ya mchanga. Kichwa kikianza kuuma, kazi iachwe na mtu asogee kwenye hewa safi.

Paa nalitaja kwa sababu nyingine pia. Mhunzi husoma joto kwa rangi, na rangi haisomeki juani. Chuma kinachoonekana cheusi saa sita mchana kwenye jua la Mwanga, ukikipeleka kivulini utakuta kina rangi ya damu ya mzee, na kinachoonekana chekundu kwa mbali juani kinaweza kuwa kimekaribia kuungua. Kivulini mambo huwa wazi: wekundu wa damu ya mzee ni joto la chini ambalo halifai kwa nyundo nzito, wekundu mkali hufuatia, kisha rangi ya chungwa, ambapo chuma huitika vizuri, halafu manjano, ambapo chuma laini kama nondo hunyumbulika kwa mapigo machache. Kikirudi kwenye damu ya mzee, kirudishwe motoni. Kuendelea kukipiga kikiwa kimepoa ndiko kunakoleta nyufa, hasa katika chuma cha springi, na ufa wa namna hiyo unaweza kujificha mpaka siku panga linapovunjika shambani mikononi mwa mnunuzi.

Ipo pia rangi ambayo si rangi, nayo ndiyo inayounguza watu wengi. Chuma kilichoacha kuwaka na kurudi kuwa cheusi kinaweza bado kuwa na nyuzi joto 400, na kwa macho hakitofautiani na kilicholala hapo tangu jana. Katika karakana yangu kila kipande kilicho chini huhesabiwa kuwa cha moto mpaka kithibitishwe kwa kusogeza mgongo wa mkono karibu nacho bila kukigusa. Kandambili hazivaliwi. Nguo ziwe za pamba, kwa kuwa nailoni hushika moto na kuyeyukia kwenye ngozi. Viatu viwe vya kufunika mguu. Na miwani safi ya kukinga macho ivaliwe tangu pigo la kwanza, kwa sababu magamba ya chuma huruka kila nyundo inaposhuka.

Fuawe huwasumbua vijana kuliko inavyostahili. Kichwa cha nyundo kubwa ya kilo tano au zaidi, kikizamishwa ndani ya gogo zito la mti mgumu ili uso mmoja tu ubaki juu, ni fuawe inayotosha kwa mwaka wa kwanza. Kipande kinene cha ekseli ya lori kilichosimamishwa wima ndani ya gogo ni bora zaidi, kwa kuwa uzito wote huwa chini ya pigo. Urefu wa gogo upimwe kwa mtu mwenyewe: asimame wima, mikono ikining'inia na ngumi ikiwa imekunjwa, na uso wa fuawe ufike kwenye vifundo vya ngumi. Watu wengi husifu kipande cha reli, na kwa kweli hufaa sana, lakini reli za nchi hii ni mali ya umma, na kipande kinachouzwa kichochoroni na mtu asiye na hati kinaweza kuwa kimeng'olewa kwenye njia ambayo treni bado inapita. Asiyejua kilikotoka asikinunue.

Nyundo ya kilo moja au pungufu kidogo inatosha. Wenye nyundo za kilo mbili huchoka haraka, na aliyechoka hupiga upande. Koleo la kwanza linaweza kununuliwa kuukuu au kuazimwa, na kazi nzuri ya miezi ya mwanzo ni kujifulia koleo lake mwenyewe kwa nondo. Kabla ya hapo aanze na msumari wa inchi sita usiopakwa zinki, ambao hupatikana kwa urahisi katika maduka ya vifaa vya ujenzi. Aurefushe ncha, aukunje uwe kulabu, na arudie mpaka kulabu mbili zifanane. Baada ya hapo atengeneze patasi, kisha ajaribu kurudishia makali jembe lililochoka. Najua wengi wana shauku ya kufua visu na mapanga siku ya kwanza, na siwalaumu, lakini jembe la jirani lililorudi shambani likiwa na makali ndilo litakalomletea kijana wateja, na pia litafanya majirani wazizoee kelele za nyundo yake.

Atakapofika kwenye visu, atumie chuma cha springi za gari, na kazi ya kukikaza, yaani kukifanya kigumu, isifanywe kwa kubahatisha. Sumaku iliyotolewa kwenye spika ya redio iliyokufa humsaidia sana hapa, kwa sababu chuma huacha kushikwa na sumaku kikifika karibu nyuzi joto 770. Kipashwe juu kidogo ya hapo, wekundu ukiwa sawa kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha kizamishwe kwenye mafuta ya kupikia yaliyopashwa vuguvugu, ndani ya chombo cha chuma chenye mfuniko wa kuzimia moto ukishika. Maji hukipoza chuma hiki kwa haraka mno na mara nyingi hukipasua. Oili chafu ya injini nayo isitumike, maana moshi wake una sumu. Chuma kilichokazwa hivyo ni kigumu lakini chepesi kuvunjika, na kingali kinahitaji kulegezwa kidogo: kisuguliwe kwa msasa mpaka king'ae, kipashwe taratibu kutoka upande wa mgongo, na rangi zitatembea juu yake, kwanza ya majani makavu, halafu kahawia, zambarau na buluu. Kwa kisu cha jikoni tunasimamisha kwenye majani makavu. Kwa panga linalopiga magogo tunaliacha makali yafike zambarau, ili lisimegeke.

Najua wapo watakaouliza kwa nini nahimiza mkaa wakati ambapo Serikali inatekeleza Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwaka 2034. Ninauunga mkono mkakati huo kwa moyo wote, na nyumbani kwangu tunapika kwa gesi. Mkakati unahusu kupika, na mhunzi mmoja akifanya kazi kwa saa mbili ana matumizi madogo ukilinganisha na migahawa ya mtaa mzima. Hata hivyo mhunzi naye anao wajibu. Mkaa wa vifuu vya nazi huwaka kwa joto kali na hutoka kwenye taka, na kwa wenzetu wa Pwani na Zanzibar vifuu si shida kuvipata. Matawi ya miti iliyopandwa na kupogolewa huweza kuchomwa mkaa bila kugusa msitu. Makaa ya mawe kutoka Ngaka au Kiwira yanatoa joto la kutosha pia, ila moshi wake na uchafu wake humsumbua asiyejua kuyachoma, na sishauri yawe ya kwanza.

Kwa viongozi wa mitaa ninalo ombi. Kijana anapokuja kuomba ruhusa ya kuweka jiko la uhunzi, msimkatalie kwa sababu ya neno moto. Nendeni mkaone mahali penyewe. Mwambieni alisogeze kama liko karibu na nyumba, mpangieni saa za kupiga nyundo ili wagonjwa na watoto wapumzike, na mhakikishe ana maji na mchanga. Mijini, ambako ua haupo, gulio lina pembe isiyotumika siku za katikati ya wiki. Vyuo vyetu vya ufundi vinafundisha uchomeleaji kwa wingi na kwa ubora, na hilo ni jema, ila kuunga chuma na kukifua ni kazi mbili tofauti, na jiko la udongo linaweza kukaa nyuma ya karakana yoyote ya chuo bila kuhitaji bajeti mpya. Wazee wahunzi waliobaki katika vijiji vya Upare, Ufipa, Ukinga na kwingineko waalikwe huko kufundisha, na walipwe kama walimu.

Kuhusu mtaji, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na fungu la vijana ni asilimia 4. Kikundi cha vijana watano wanaotaka uhunzi hakihitaji kuandika andiko la mashine za mamilioni. Kiandike majiko mawili ya udongo, kipulizo cha gurudumu la baiskeli kwa kila moja, ekseli mbili na magogo yake, nyundo tano, koleo sita za midomo tofauti, tupa, msasa, miwani na viatu kwa kila mtu, paa la bati juu ya nguzo sita, na posho ya mzee mmoja wa kuwasimamia kwa miezi sita ya mwanzo. Maofisa wa maendeleo ya jamii watakaolisoma andiko hilo nawaomba wasilione kuwa dogo, na kabla ya kulipitisha au kulikataa waende karakana yoyote ya mhunzi iliyo karibu nao wakaulize bei ya jembe lililofuliwa upya na idadi ya wakulima waliopanga foleni msimu wa mvua unapokaribia.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Fundi wa vyuma,
Mwanga, Kilimanjaro.